Siku Wageni Wangu Walipokataa Kupanda Gari

Nyie mnaoanza kazi hii sasa mna viatu. Niliwaona wiki iliyopita pale stendi ya Tabora mkisubiri wageni wenu: soli nene, kofia zenye kamba ya kidevuni, simu zinazoonyesha njia mpaka kichochoro cha mwisho. Nikafurahi, kweli. Mimi siku ya kwanza niliongoza wageni nikiwa nimevaa ndala, na ndala yenyewe ikakatika katikati ya njia. Nikaifunga kwa kipande cha kamba ya katani nilichoomba kwa mchunga ng'ombe, nikaendelea kueleza historia ya misafara kana kwamba hakuna kilichotokea. Mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, aliniomba niandike ninayoyakumbuka. Haya, nimekaa. Nitasimulia yanavyonijia, msinidai mpangilio.

Naitwa Zuhura, mzaliwa wa Isevya, mjini Tabora, kwenye nyumba ya watu wa biashara ya vitambaa. Kwa miaka ishirini na sita nimetembeza wageni kwa miguu. Sikuwapeleka mbugani, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwonyesha mtu simba. Kazi yangu ilikuwa kuwapitisha vijijini, kwenye njia za zamani za misafara, waone nyumba zilizochorwa kwa udongo wa rangi, vyungu vinavyofinyangwa, mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa juu ya miti, na msitu wa miyombo unapochipua. Shangazi zangu walikuwa wakiniuliza kwenye harusi, mbele ya watu, "Zuhura, bado unawapeleka watu wa Ulaya kuangalia matope?" Nami nilikuwa nikijibu, "Bado, shangazi, na wanarudi tena."

Kazi niliingia bila kuitafuta. Nilikuwa mpokea wageni kwenye gesti moja, na Kiingereza changu kilikuwa kinasikika. Bwana Nassor, mzee mmoja aliyekuwa na magari mawili ya kubebea watalii na ofisi ndogo mjini, alikosa mwongozaji siku moja, akaniomba niwapeleke mke na mume kuona lile tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya enzi za misafara. Nikawapeleka. Tulipomaliza, yule mke akaniuliza, "Na watu wa leo wanaishi kwenye nyumba gani?" Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye kaunta ya gesti. Mwezi uliofuata nilikuwa Mwasenga, kijiji kilicho ndani kabisa ukitokea Puge, nikiwa na wageni wawili wengine, mume na mke, na ujuzi wa kitabuni tu.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana wengi wenu mtalifanya.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Jua kali, ardhi imepasuka, hata wingu la kudanganyia hakuna. Tuliteremka Puge tukashika njia ya miguu. Msituni tukakuta majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama juisi ya choya. Mgeni mmoja akauliza kwa nini yako hivyo. Nami, mtoto wa mjini, nikakohoa kidogo kama mwalimu, nikasema, "Hayo yanakufa kwa ukame. Yataanguka yote."

Nyuma yetu alikuwa anakuja mama mmoja mrefu, mwembamba, na beseni la udongo mweupe kichwani. Kiingereza hakujua, lakini mikono yangu ilikuwa imeshaeleza kila kitu. Akasimama.

"Umewaambia nini hao?"

"Shikamoo, mama. Nimewaambia majani yanakufa."

Alicheka mpaka akalazimika kushusha beseni. "Marahaba. Yanakufa! Sogea hapa. Shika hili."

Nikalishika. Lilikuwa laini kama sikio la ndama.

"Jani linalokufa linakuwa hivi? Haya yamezaliwa juzi. Miyombo haisubiri mvua, inaitangulia. Yanatoka mekundu, baadaye yanakuwa kijani. Waambie ukweli, usiwarudishe kwao na uongo wako."

Nikageuka, nikawaambia wageni kwamba nimekosea, na nikawatafsiria maneno ya yule mama yote, hata hilo la uongo. Mgeni wangu akatoa daftari akaandika kwa furaha, na mkewe akamshika yule mama mkono. Siku hiyo nilijifunza neno muhimu kuliko yote katika kazi hii, nalo ni "sijui". Lisemeni mapema. Mgeni atawasamehe msichokijua, lakini akigundua mmebuni, hata mliyosema kweli hatayaamini.

Yule mama aliitwa Nyamizi. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mwenyewe angesema alikuwa ananipunguzia ujinga tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza wanawake wa Mwasenga kuchora nyumba. Walichora kati ya mavuno na mvua, wakati shamba halina kazi. Walisiriba ukuta kwa udongo laini, kisha wakachora kwa vidole na kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa kama brashi. Nyekundu waliichimba kwenye korongo, nyeupe ilitoka mtoni, nyeusi ni masizi ya chungu yaliyokorogwa na utomvu wa mti. Wakachora migongo ya kenge, nyota, kwato za ng'ombe, mistari inayozunguka dirisha kama nyoka aliyeshiba. Hakuna nyumba iliyofanana na ya jirani, na hakuna mwanamke aliyerudia mchoro wake wa mwaka uliopita.

Mara ya pili nilipokwenda nilitaka kumwonyesha kwamba nimejifunza. Nikafika saa mbili asubuhi, nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Mwadila!" Halafu nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwadila ni salamu ya mchana. Asubuhi husemwa mwangaluka. Nyamizi akatoka akiwa anajifuta machozi. "Karibu, mtu wa mjini. Kwenu jua limeshapinda?" Kwa mwaka mzima watoto wa pale waliniita Mama Mwadila. Sikukasirika. Kijiji kikishakupa jina la utani, kimeshakupokea.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hilo sikulicheka.

Nilikuwa nimeshazoea, mwaka wa tatu au wa nne hivi. Kila mwaka niliona uchungu mvua zikija kufuta zile kuta. Nikajiona nina akili. Nikanunua makopo ya rangi ya mafuta mjini, nikayabeba mpaka Mwasenga, nikamwambia Nyamizi, "Hii haifutiki."

Akalifungua kopo moja, akanusa, akalifunga. "Ukuta wa udongo unapumua, Zuhura. Hii itauziba pua."

"Tujaribu ukuta mmoja tu, mama."

Akanipa ukuta wa ghala lake la mahindi. Nikaupaka mwenyewe, ukang'aa kama sahani. Wanawake wakausifu, Nyamizi akanyamaza. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, nikarudi. Maji yalikuwa yamepanda toka chini, yakakosa pa kutokea. Rangi ilikuwa imebanduka na udongo wake, vipande vikubwa kama magome, na nusu ya ukuta ilikuwa chini, mahindi yameloa. Nyamizi hakunigombeza. Alinipa jembe. Kwa siku mbili nilikanyaga udongo kwa miguu, nikachanganya na mchanga laini na kinyesi cha ng'ombe, nikasiriba, nikakosea, nikabandua, nikasiriba tena. Mwishoni mikono ilikuwa imechubuka mpaka sikuweza kushika kikombe. Akaniletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, akakaa karibu yangu.

"Sasa unaweza kuwaeleza wageni habari za ukuta," akasema.

Na ni kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nasema maneno tu. Kwa hiyo ninyi, kabla hamjamweleza mtu chungu, finyangeni kimoja. Kabla hamjaeleza asali, pandeni mtini muumwe na nyuki hata mmoja.

Mengine madogo madogo nayasema haraka. Mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wa mwisho, si wa kwanza. Salimieni wenye nyumba kwanza, kamera baadaye. Bebeni chumvi, hakuna jiko la kijijini linaloikataa. Msiongee muda wote. Mkifika mahali pazuri, nyamazeni, maana mgeni hakusafiri mabara mawili kuja kusikiliza sauti yenu. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na mgeni mmoja Mwingereza aliwahi kunipa pipi kila nilipofungua mdomo mpaka nikaelewa.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Ilikuwa miaka yangu ya katikati kazini. Biashara ya Bwana Nassor ilikuwa imeyumba, na yeye alikuwa anataka kubaki na safari za mbugani peke yake. Akaniita ofisini. "Zuhura, kuna kundi la watu wanane wanakuja. Wameomba vijijini, nitawapa vijijini. Lakini kama hawa nao wataondoka na malalamiko, basi. Watu wanataka simba, mwanangu. Kuta za udongo nimezivumilia vya kutosha."

Nilimwelewa. Alichokuwa hakijui ni kwamba kule Mwasenga mambo nayo yalikuwa yamefika ukingoni. Mabinti hawakutaka tena kujifunza kuchora. Kabula, binti mdogo wa Nyamizi, alikuwa na miaka ishirini na alisema wazi kwamba yeye ataolewa kwenye nyumba ya tofali za saruji na hatatia matope chini ya kucha zake. Wageni ndio walikuwa wanawapa wale mama sababu ya kuendelea. Wageni wakikoma, Nyamizi na wenzake wangezeeka, na kuta zingebaki tupu. Nyamizi alilijua hilo kuliko mimi. Nilipomweleza habari za lile kundi, alisema neno moja tu: "Walete."

Wale watu wanane walitoka kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania. Ni kikundi cha watembeaji. Kila mwaka kwao baridi ikiisha na vilima vikijaa maua, hutembea kijiji hadi kijiji wakiangalia maua na michoro ya zamani kwenye kuta za makanisa madogo. Safari hii walitaka kufanya hivyo kwetu. Waliniandikia wakiuliza, "Majira yenu ya kuchanua ni lini?" Nikakaa na swali hilo siku nzima. Sisi tuna masika na kiangazi. Nikampigia Nyamizi kwa simu ya jirani yake.

"Ni kabla ya mvua," akasema. "Wakati nyie wa mjini mnalalamika vumbi. Waje mwisho wa mwezi wa kumi. Tutakuwa tumemaliza nyumba zote."

Wakaja. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, aliyependa kila kitu. Lakini aliyenitia wasiwasi alikuwa mama wa miaka sabini na kitu aitwaye Agata, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya fundi. Haongei. Njia nzima kutoka Tabora alitazama dirishani. Tulipofika Puge kulala, nikamuuliza safari anaionaje. Akajibu, "Mpaka sasa nimeona vumbi."

Alfajiri nikaamshwa na ngurumo. Mvua. Tena si manyunyu, ni mvua ya upepo, ya kugonga bati kama inadai kufunguliwa. Ilinyesha saa mbili nzima, wiki tatu kabla ya wakati wake. Nilikaa kitandani nimeshika magoti, nikijua nini kinatokea Mwasenga kila dakika inayopita.

Tulifika saa nne asubuhi, viatu vimebeba matope. Nyumba kumi na saba zilikuwa zimechorwa. Wiki tano za kazi. Nyekundu ilikuwa imeteremkia kwenye nyeupe, masizi yametiririka kama machozi, na kila mguu wa ukuta ulikuwa na dimbwi la maji ya rangi ya waridi. Wanawake walisimama milangoni na kanga zao mpya walizovaa kwa ajili yetu. Kabula alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono, na hata yeye uso ulikuwa umemshuka.

Nikawageukia wageni. Yule bwana mnene akavua kofia.

Agata hakusimama nasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba ya Nyamizi, akabonyeza kwa dole gumba, akanusa lile dole, akabonyeza tena mahali pengine. Halafu akanigeukia.

"Waambie wasiuache ukauke."

Nikatafsiri. Nyamizi akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Nani huyu anayekuja kunifundisha ukuta wangu?"

Mimi nikalainisha kidogo, nikamwambia Agata, "Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie kwa miaka arobaini nimekuwa napanda majukwaa kwenye makanisa ya vijijini kwetu, nakarabati michoro ya watu wa zamani. Kila nilipofika, mchoraji alikuwa ameshazikwa miaka mia tano. Nimezungumza na kuta tu. Leo ndiyo mara ya kwanza namkuta mwenyewe yuko hai."

Hayo sikuyalainisha. Niliyatafsiri kama yalivyo, polepole. Nyamizi akautazama ukuta, akamtazama tena yule mama mfupi mwenye mikono ya fundi.

"Mwambie avue viatu," akasema.

Jamani, nimeongoza watu wengi, lakini sijawahi kuona kazi kama ile. Wanawake wakaingia ndani, wakatoka wamevaa kanga za zamani. Udongo ukachimbwa, maji yakachotwa kwenye yale madimbwi yenyewe. Na ubishi ukaanza. Nyamizi siku zote alichora ukuta ukiwa umekauka nusu. Agata akasema hapana, rangi iwekwe sasa hivi, udongo ukiwa bado mbichi, iingie ndani. Nyamizi akasema ukuta mbichi ukichorwa utapasuka. Nami katikati, natafsiri mpaka koo linakauka.

"Basi tupime," akasema Nyamizi.

Wakasiriba viraka viwili kando ya mlango, kila mmoja kwa udongo wake na kwa njia yake. Jua likatoka kali, kama linavyotoka baada ya mvua. Tulipokula nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na ugali wa mtama, wao hawakula; walikaa wanavitazama viraka kama watu wanaosubiri mtihani. Adhuhuri wakainuka. Nyamizi akapitisha kidole chenye maji kwenye kiraka chake. Rangi ikamfuata kidoleni. Akapitisha kwenye cha Agata. Kidole kikatoka safi. Akarudia. Safi. Lakini kiraka cha Agata kilikuwa kimepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, maana udongo wake ulikuwa mtupu. Cha Nyamizi, chenye mchanga laini na kinyesi cha ng'ombe, hakikuwa na ufa hata mmoja.

Walitazamana. Sikuwa na cha kutafsiri. Agata akachota udongo wa Nyamizi kwenye lile beseni, akausugua kiganjani, akaupaka ukutani mbichi, na papo hapo Nyamizi akautia nyekundu. Wakaanza kucheka wote wawili, kwa sauti, wazee wazima, na kijiji kizima kikaelewa.

Tangu hapo hakukuwa na mgeni wala mwenyeji. Bwana mnene alipewa kazi ya kukanyaga udongo na akaifanya akiimba. Daktari mmoja kati yao akatafuna ncha za vijiti kwa wote mpaka ulimi ukamwuma. Wanawake walichora upya, wala hawakurudia michoro iliyofutika. Walichora mingine, mikubwa zaidi, wakiwahi unyevu. Ukuta mbichi hauruhusu kusitasita. Na haraka hiyo iliwatoa vitu ambavyo sikuwahi kuviona kwao: ndege wenye shingo ndefu kutoka pembe hadi pembe, msafara wa watu wenye mizigo kichwani ukizunguka nyumba nzima.

Saa tisa hivi nikasikia mtu akisema nyuma yangu, "Mama, hapa nimeharibu?" Nikageuka. Ni Kabula. Amejifunga kanga kifuani, mikono nyekundu mpaka viwiko, anachora mstari wake wa kwanza.

Nyamizi akautazama ule mstari muda mrefu. "Hujaharibu," akasema. "Endelea, ukuta unakauka."

Ndipo likafika gari la Bwana Nassor.

Alikuwa amesikia habari za mvua, akaendesha mwenyewe kutoka mjini kuja kuokoa wageni wake. Gari likazama magurudumu mawili mita chache kabla ya nyumba ya kwanza. Akateremka na shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi.

"Zuhura! Wageni wako wapi?"

"Hao hapo, Bwana Nassor."

Akawatazama na asiwatambue. Walikuwa wote rangi moja na kuta.

"Astaghafirullah! Umewafanya nini watu hawa? Waambie wapande gari. Nimewaandalia hoteli, kesho nawapeleka mbugani. Waambie nawaomba radhi."

Nikawaambia, neno kwa neno. Hakuna aliyesogea. Agata alikuwa amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa, amefika juu ya dirisha. Hakugeuka hata kichwa.

"Mwambie nikishuka sasa, nusu ya ukuta huu itakufa."

Bwana mnene, miguu ikiwa ndani ya udongo mpaka magotini, akasema, "Gari lirudi keshokutwa."

"Keshokutwa!" Bwana Nassor akashika kiuno. "Watalala wapi?"

Nikamgeukia Nyamizi. Akajibu bila kuacha kazi, "Watalala kwangu. Hata wewe utalala. Gari lako limezama."

Kicheko kilichotoka pale naamini kilisikika Puge. Bwana Nassor alijizuia, akajizuia, kisha naye akacheka. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaviweka pembeni kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nishike wapi?"

Walikaa siku mbili. Asubuhi nilizowatembeza msituni zilikuwa za kukumbuka: mvua ile moja ilikuwa imefumua kila kitu, maua meupe na ya njano yametoka chini ya ardhi ambayo jana yake ilikuwa kama tofali, uyoga umechomoza kwenye mizizi, majani mekundu yana matone. Sikueleza chochote. Nilinyamaza, nao wakanyamaza. Siku ya kuondoka, kuta kumi na saba zilikuwa zimesimama kwenye jua, na Agata alizipita moja moja, akigusa kila moja kwa kiganja. Mlangoni kwa Nyamizi akakumbatiana naye, na nilipotaka kutafsiri walichokuwa wanaambiana, Nyamizi akanifukuza kwa mkono.

Msimu ule mvua zilikuwa nyingi. Mwezi wa nne nikaenda peke yangu. Nyumba kumi kati ya zile kumi na saba, michoro ilikuwa inasomeka. Ilikuwa imefifia, lakini ipo, baada ya masika yote. Haijawahi kutokea. Kabula ndiye aliyenipokea njiani, akinionyesha kila ukuta na jina la aliyeuchora, mpaka nikasahau kwamba mimi ndiye mwongozaji.

Makundi mawili yaliomba kuja mwaka uliofuata, yote kutoka kisiwa kile kile. Bwana Nassor akaniita. "Tuwaambie waje lini? Panga."

"Mimi si wa kuulizwa," nikamwambia. "Anayeujua msimu ni Nyamizi. Na yeye ndiye mwongozaji wa kule. Mwandike hivyo."

Akafikiri kidogo. "Mlete."

Nyamizi alikuja kwa basi, amevaa kitenge chake kizuri. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa mgeni pale, akamwelekeza mlango wa nyuma wa wauza mboga. Nyamizi hakubishana wala hakusogea. Alisimama pale pale kwenye ngazi ya mbele. Bwana Nassor akamwona dirishani, akatoka mbio mwenyewe, akamfungulia mlango kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaingia, akakaa, akaikunja miguu yake mirefu chini ya kiti, akaitazama kalenda ukutani.

"Waje mwezi wa kumi. Tarehe nitakuambia mimi, nikishaitazama miti. Na wasipungue siku nne."

"Siku nne, mama? Wengi huwa wanataka mbili."

"Nne. Andika."

Bwana Nassor akavuta kalamu, akaandika.